Wajane Wawili wa Baba Mkwe

Niliolewa kwenye nyumba iliyokuwa na wajane wawili, lakini aliyeishi humo alikuwa mmoja. Baba mkwe alifariki muda mfupi kabla ya Uhuru. Alikuwa mtu wa biashara ya asali na nta. Alinunua kwa warina asali wa misituni akaileta Tabora mjini, zamani kwa mikokoteni, mwishoni kwa malori ya watu. Mke wa kwanza alimweka mjini, kwenye nyumba yenye baraza linalotazama barabara. Wa pili alimweka shambani, mbele kidogo ya Kwihara, karibu na ile njia ya zamani ya misafara ambayo babu wa baba mkwe aliipita akiwa na mzigo kichwani kwenda pwani. Katika familia walijulikana kwa vyeo vyao tu: Bi Mkubwa na Bi Mdogo.

Bi Mkubwa ndiye aliyemzaa mume wangu, na ndiye aliyenipokea. Mume wangu alikuwa gadi wa treni. Wiki nzima angeweza kuwa njiani, leo Kigoma, kesho Mwanza, kwa hiyo miaka ya mwanzo ya ndoa yangu niliishi zaidi na mama mkwe kuliko na mume. Nilikuwa na cherehani. Asubuhi nilipika, mchana nilishona barazani, na mama alikaa kwenye mkeka pembeni yangu akisimulia.

Sijapata kuona mtu aliyependa maisha yake kama yule mama. Alikuwa mtoto wa seremala wa mjini, binti pekee kati ya wavulana, na kila alipomtaja baba yake sauti ilikuwa kama ya mtu aliyetoka kuongea naye sasa hivi. Aliwasimulia marehemu kama watu waliokwenda sokoni. Kisa alichokipenda kuliko vyote kilikuwa cha safari ya Ujiji. Alipoolewa, baba mkwe alimpandisha treni hadi Kigoma, wakaenda kukaa kwa rafiki yake wa biashara kule Ujiji, kwenye nyumba yenye mlango wa buluu uliotazama ziwa. Asubuhi akifungua mlango anaona maji mpaka yanapogusana na mbingu. Nilikisikia kisa hicho mara nyingi hata nikajua mahali atakapopumzika na mahali atakapocheka.

Wakati ule alikuwa na watu wa kumwitikia. Jirani yetu alikuwa bibi wa Kimanga, Mwarabu wa ukoo wa wafanyabiashara wa siku nyingi pale mjini, aliyecheza na mama utotoni. Alasiri alivuka barabara na kahawa yake, na wawili hao wakaanza. Mmoja akitaja harusi fulani, mwenzake anataja mvua iliyonyesha siku ile. Kisha watoto wa yule bibi wakafunga duka wakahamia Dar es Salaam, wakamchukua mama yao. Shangazi wa mume wangu akafariki. Mtengeneza viatu wa kona, aliyemjua baba mkwe tangu ujana, naye akafariki.

Mimi nilibaki nikisikiliza, lakini mtu wa umri wangu angesema nini zaidi ya "Enhe, mama"? Siku moja alikatisha kisa katikati. Nikamuuliza kilichofuata. Akasema, "Nasimulia peke yangu kama redio. Redio yenyewe watu huizima." Hakusema kwa uchungu, ila baada ya siku ile alisimulia kidogo, akalala sana mchana, na chakula akawa anakigusa tu.

Hiyo ndiyo miaka ya watu kuhamishiwa vijijini. Sisi wa mjini tuliyasikia redioni na kwenye mikutano ya balozi wetu wa nyumba kumi, na tuliyaona kwenye malori yaliyopita yamepakia vitanda, kuku na milango. Siku moja mume wangu alirudi kutoka kazini amekunja uso. Gadi mwenzake alimwambia kwamba watu waliokaa kule mashambani kwa Bi Mdogo wamesogezwa barabarani. Bi Mdogo hakuwa na mtoto. Alizaa mara mbili na wote hawakuishi. Keshoye mume wangu alichukua baiskeli akaenda.

Alirudi jioni akakaa na mama yake, nami nikawapelekea chai. Akaeleza kwamba alimkuta mama mdogo kwenye kiwanja chake kipya, kwenye mstari mmoja na wenzake, kibanda kimeezekwa nusu. Vijana wa kijiji walimsaidia kusimamisha miti kisha wakaitwa kwenye shamba la pamoja. Hakuwa analalamika. Alimpikia uji wa mtama kwenye mafiga matatu, akamuuliza habari za kazi. Mume wangu alisema anaogopa mvua zitamkuta vile.

Nilijua, kama ilivyojua nyumba nzima, kwamba wake wale wawili hawakuwa na mazoea. Baba mkwe alipofariki kila mmoja alikaa eda kwake. Tangu hapo walikutana misibani tu, wakasalimiana kwa adabu, wakakaa mikeka tofauti. Mama mkwe aliuliza, "Ana kitanda?"

Mume wangu akamwambia kipo, lakini kamba zimekatika.

"Basi aje bila kitanda. Kamlete."

Mwenyekiti wa kijiji hakutia ugumu. Mzee asiye na mtoto akitaka kuchukuliwa na mwana wa mumewe, alisema, ni jambo la heri. Bi Mdogo akaja kwenye baiskeli, nyuma ya mume wangu, mrefu, mwembamba, furushi lake la kaniki mapajani. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba huku akiangalia pa kuweka miguu yake yenye vumbi. Bi Mkubwa alitoka mlangoni akasema, "Karibu, mke mwenzangu." Yule akajibu, "Ahsante, dada," na hayo ndiyo yakawa maneno yao ya siku nzima.

Tulimpa chumba cha uani. Hakulifungua furushi. Alichomoa alichohitaji, akalifunga tena kwa fundo lile lile na kuliweka karibu na mlango. Kabla hatujaamka alikuwa ameshafagia uwanja na kuchota maji. Alikula kidogo, akaosha sahani yake mwenyewe. Nilimsihi apumzike, akasema kwa Kiswahili chake chenye Kinyamwezi ndani kwamba mgeni akikaa sana bila kazi huchosha macho ya watu. Polepole nilikuja kujua alikotoka. Mama yake alimfia angali mdogo, akapelekwa kwa mjomba. Mjomba akahama, akapelekwa kwa mama mkubwa. Huko nako akatolewa akalee watoto wa mtu mwingine. Kila nyumba aliyozoea ilimtoa. Nadhani alikuwa akingojea na sisi tumwambie siku ya kuondoka.

Alasiri, mimi nilipokuwa kwenye cherehani na Bi Mkubwa kwenye mkeka, Bi Mdogo hakuja barazani. Alitafuta la kufanya uani, hata kama ni kuchambua choroko zilizokwisha kuchambuliwa. Mlango wa katikati tuliuacha wazi ili upepo upite, kwa hiyo alisikia yote.

Siku moja Bi Mkubwa alikuwa akinieleza namna marehemu alivyokuwa na makuu ya chakula. Hakutaka mlenda hata kuuona, alisema. Ukiuweka mbele yake anainuka. Sauti ikatoka uani.

"Alikula."

Tukageuka. Bi Mdogo alikuwa amesimama na ungo mkononi, mwenyewe kama ameshtuka kwa kusema.

"Alikula nini?" aliuliza Bi Mkubwa.

"Mlenda. Kwangu alikula. Na karanga nikitia, aliomba tena."

Nikaacha kuzungusha cherehani. Niliogopa. Bi Mkubwa alimtazama mwenzake muda mrefu, halafu mabega yakaanza kumtikisika, na nilipotambua kuwa anacheka nami nikacheka. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya khanga. Miaka yote ile, alisema, amemchinjia kuku mtu ambaye angeshiba mlenda. Akausogeza mwili wake pembeni, akapigapiga mkeka. "Hebu njoo hapa, unieleze na mengine."

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Kila alasiri walimtoa yule mume kaburini wakamgombania. Kwa mmoja alikuwa mkimya, kwa mwingine mwimbaji. Mjini alinyoa ndevu, shambani aliziacha. Bi Mkubwa alijua kwamba aliogopa mbwa. Bi Mdogo alijua kwamba aliwahi kufuga mmoja. Nilishona nguo za watu huku nasikia wanaume wawili waliokuwa mtu mmoja. Bi Mkubwa akarudia kula.

Lakini walikuwa hawakumbuki kwa namna moja. Bi Mkubwa alipofungua mdomo, zilitoka karamu, watoto, harufu ya mbao za baba yake. Bi Mdogo alipofungua wake, mara nyingi yalitoka aliyokosa. Siku moja kisa cha Ujiji kilipofika kwenye mlango wa buluu, alisema taratibu, bila kuinua macho kutoka kwenye michembe ya viazi aliyokuwa akianika, "Siku hizo ulizokuwa naye, dada, mimi nilikuwa naitazama njia."

Bi Mkubwa alikusanya tasbihi yake akaingia ndani. Kwa siku kadhaa walikaa pamoja kama kawaida lakini waliongea habari za bei ya sukari na foleni ya duka la ushirika. Nilisikitika nikidhani ile raha imekwisha. Kumbe mama alikuwa akitafuta maneno. Siku tuliyokuwa tukimenya mihogo, watatu sote kuzunguka beseni moja, alianza tu kusema kwamba alipoletewa habari kuwa mumewe ameoa Kwihara, alikwenda chumbani akakunja nguo zake zote, akazikunjua, akazikunja tena. Na kwamba siku za zamu ya shambani alikaa barazani mpaka giza, akijiambia anapunga upepo.

"Nami niliitazama," alisema. "Njia ile ile. Nilikuwa upande huu tu."

Bi Mdogo aliendelea kumenya. Kisha akauchukua muhogo uliokuwa mkononi mwa mwenzake, ambao ulikuwa na mzizi mgumu, akamkatia, akamrudishia. Niliiona khanga yake juma lile kwenye kamba ya nguo pamoja na zetu, na nilipoingia chumbani kwake kumpelekea taa nikakuta furushi limefunguliwa, vikombe vyake vimepangwa dirishani na kaniki imetandikwa kitandani.

Baadaye, mwaka ule ule nafikiri, Bi Mkubwa alimwita mwanawe akamwambia anataka kwenda Ujiji. Mume wangu alidhani anatania, maana miguu yake ilikuwa imeanza kuvimba. Mama akasema, "Huyu hajaliona ziwa." Basi mume wangu akaenda ofisini kwake kuomba pasi ya reli kwa ajili ya mzazi. Karani akamuuliza mbona ameandika mama wawili. Alimjibu kwamba ndivyo alivyojaliwa, na karani, aliyekuwa Mnyamwezi na mwenye nyumba kama yetu, akaipiga muhuri.

Tulisafiri wanne. Bi Mdogo hakuwa amepanda treni maishani, ingawa filimbi yake aliisikia tangu msichana. Alishika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili tangu tunaondoka. Kulipokucha tulikuwa tumepita Uvinza, na wanawake walikimbia pembeni ya behewa na vifurushi vya chumvi na ndizi vichwani. Bi Mkubwa alikuwa mwenyeji. Alimwonyesha mwenzake kila kilima, na vingi alivikosea, lakini hakuna aliyemsahihisha, hata gadi wetu aliyeijua reli ile kilomita kwa kilomita.

Ziwa lilipotokea Bi Mdogo alilitazama mpaka treni iliposimama. Tukapanda basi kwenda Ujiji, na hapo ikaanza kazi ya kuutafuta mlango wa buluu.

Hatukuupata. Bi Mkubwa alituongoza mtaa huu na huu, akasimama, akarudi. Nyumba zilikuwa nyingi kuliko alizoziacha, na zamani maji, alisema, yalikuwa karibu zaidi. Tuliuliza kwa mama mmoja aliyekuwa akikaanga samaki wa migebuka. Hakulijua jina la yule mfanyabiashara. Mama mkwe alikaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Uso wake ulikuwa umepauka, na kwa mara ya kwanza nilimwona kama kikongwe. Akasema labda mlango haukuwa wa buluu. Labda hata haukutazama ziwa.

Bi Mdogo alikaa karibu yake akamshika mkono. "Ulikuwa wa buluu," alisema. "Umenisimulia mpaka nauona. Komeo lake lilikuwa la mbao na lilikuwa linagoma asubuhi. Sasa mtu atatunga komeo la kugoma kwa nini?"

Bi Mkubwa akafikiri. Ni kweli, alisema, komeo lilikuwa likigoma. Wakashuka kwenda kunawa miguu.

Hapo ndipo ziwa lilipomchukulia Bi Mkubwa kandambili. Alikuwa ameivua moja, wimbi likaja likaondoka nayo. Sisi wa rika la kukimbia tukabaki tumeduwaa, mume wangu na suruali yake ya sare, mimi na kikapu. Bi Mdogo akaingia majini na nguo zake zote. Alikwenda mpaka kiunoni, mkono mmoja umeinua ushungi, mkono wa pili unaivizia kandambili kama anakamata kuku. Bi Mkubwa alimwita arudi, ile kandambili imechakaa, haina thamani. Yule hakusikia. Alipoikamata aliiinua juu, akageuka kwetu, akacheka kwa sauti ambayo hatukujua kuwa anayo. Wavuvi wa dagaa walisimama wakampigia makofi.

Tulirudi Tabora na kikapu cha dagaa na safari ya kusimulia. Nimewahi kufikiri sana juu ya jambo hili. Kabla ya hapo kila mmoja alileta mkekani vyake: huyu utoto wake, yule upweke wake, na mume waliyegawana. Safari ile ilikuwa ya kwanza kuwa yao wote. Walipoisimulia kwa wageni walipokezana. Bi Mkubwa alishikilia kwamba maji yalifika magotini tu. Bi Mdogo aliyapandisha kila mwaka, mwishoni yakawa shingoni. Na kitu kingine kikatokea ambacho sikukitegemea. Bi Mdogo alianza kukumbuka mengine mazuri, ya nyuma kabisa. Alimkumbuka mama mkubwa aliyemwachia ukoko wa ugali kila jioni, na binamu waliyekwenda naye kuokota matunda ya furu msituni. Nilimuuliza mbona hakuwahi kuwataja. Akasema walikuwepo siku zote, ila alipokuwa peke yake hakuwa na wa kumwambia, na jambo usilomwambia mtu linajificha.

Miaka ikaenda. Watoto wangu walikua wakiwa na bibi wawili mkekani, na wakajifunza kumwamkia mmoja kwa Kiswahili na mwingine kwa Kinyamwezi, kwa "mwangaluka". Halafu kumbukumbu za Bi Mkubwa zikaanza kumtoka. Alianza kupoteza siku, kisha majina, akaniita kwa jina la dada yake. Alasiri alikaa akiukuna ukingo wa mkeka na hofu machoni, kama mtu aliyeshushwa kituo asichokijua.

Ndipo Bi Mdogo alipoanza kumsimulia. Alimsimulia maisha ya Bi Mkubwa mwenyewe. Alikuwa ameyasikia yote, hakupoteza hata moja: seremala na binti yake aliyekaa juu ya mbao wakati baba anapiga randa, kaka zake waliomwibia maandazi, harusi, ngoma iliyochezwa mpaka nyumba ya tatu, treni, mlango wa buluu, komeo. Alikuwa na mahali pake pa kupumzika na mahali pake pa kucheka, sawa kabisa na mwenyewe alivyokuwa akifanya. Hofu ilimtoka mama usoni tukimwangalia.

Mara moja, katikati ya kisa cha harusi, Bi Mkubwa alimkatiza. "Kumbe ulikuwepo?"

Bi Mdogo wakati harusi hiyo inafungwa alikuwa mtoto mchanga mgongoni kwa mama yake, nyumba za mbali huko. Akamfunika mwenzake miguu na khanga.

"Nilikuwepo, dada," alisema. "Ulipendeza."

Bi Mkubwa alifariki kwa amani, alasiri, sote tukiwa nyumbani. Niliogopa kwamba Bi Mdogo hatakaa sana, lakini alikaa miaka, na haikuwa miaka ya huzuni. Alimlilia vizuri. Kisha akahamia kwenye upande wa mkeka aliokuwa akikaa mwenzake na akaendelea kusimulia, safari hii kwa wanangu, ya kwake na ya Bi Mkubwa pamoja, mpaka ikawa vigumu kujua lipi lilimtokea nani. Siku za mwisho kabisa aliniambia kwamba amekaa nyumba nyingi na hii ndiyo aliyozeekea. Nilimwona ameridhika.

Sasa mzee ni mimi. Vijana wananiuliza kama siku zile za foleni na za kuhamahama hazikuwa za taabu, nami nawaambia zilikuwa na taabu yake, na siwafichi. Lakini nikikaa peke yangu si foleni inayonijia. Nashukuru kwamba ninaye wa kuniitikia. Mume wangu alistaafu zamani, na bado anakumbuka kila kituo cha reli ya Kigoma kwa mpangilio, ila husahau tulimpeleka nani hospitali mwaka gani; hiyo ni kazi yangu. Tunabishana. Yeye husema kwamba tulipokuwa Ujiji kulikuwa na jua kali, mimi nasema kulikuwa na mawingu. Siku nyingine magoti yananiuma na watoto hawapigi simu, na siku hizo namwita tu akae.

Mvua za kwanza zimenyesha juzi. Kuna mama amepita barabarani na beseni la uyoga, na mume wangu amemsimamisha getini, anamwuliza umetoka msitu gani. Namsikia ameanza kumweleza habari za uyoga wa utotoni kwake, na yule mama ana haraka ya kuuza. Ngoja niende, kabla uyoga wa watu haujanyauka.